Daftari, jarida na alama: Je, Sisilia ya Wanormani ilikuwa nchi ya kuvumiliana?

Swali la msomaji: "Nafundisha Historia sekondari. Nimesoma mahali pengi kwamba katika karne ya 12 wafalme Wanormani wa Sisilia waliwaweka pamoja kwa amani Waislamu, Wakristo wa Kigiriki, Wakristo wa Kilatini na Wayahudi, hata sarafu zao zilikuwa na maandishi ya Kiarabu. Nilipowaeleza wanafunzi, mmoja akauliza: kama ni hivyo, Waislamu wale walikwenda wapi? Je, nilichofundisha ni sahihi, na mwisho wake niuelezeje?"

Mwalimu, pole na kazi. Mwanafunzi wako amegusa penyewe.

Ulichofundisha kuhusu sarafu na lugha ni kweli. Kilichobaki ni kueleza ni nani aliyeuhitaji mchanganyiko ule, na kwa kazi gani. Waislamu wa Sisilia walilindwa kwa kuwa walikuwa walipa kodi wa mfalme, na ulinzi ule ulitoka kwa mfalme mwenyewe. Ardhi yao ilipopewa askofu au kabaila, au mfalme alipokufa bila mrithi mwenye nguvu, hawakuwa na ngao nyingine. Ukilishika jambo hilo, mwanzo mzuri na mwisho mbaya unaweza kuufundisha kama habari moja.

Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walitua Sisilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, mwaka 827 na kuichukua Palermo mwaka 831. Wanormani, mashujaa wa vita waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walivuka kuingia Messina mwaka 1061 wakiongozwa na Robert Guiscard na mdogo wake, Roger wa Kwanza. Palermo iliangukia mikononi mwao Januari 1072, na mji wa mwisho, Noto, mwaka 1091. Hesabu miaka hiyo: 30. Walioteka walikuwa wachache mno. Kaskazini mashariki mwa kisiwa watu wengi walisema Kigiriki, na magharibi yote ilikuwa ya Waislamu wenye kusema Kiarabu. Mtu akikabidhiwa nchi ya namna hiyo, swali lake la kwanza huwa ni la kodi: nani analima wapi, na anadaiwa nini? Majibu yalikuwa kwenye karatasi za Kiarabu, na walioweza kuzisoma ni wenyeji.

Hapa ndipo pa kuwaonyesha wanafunzi kitu kwa karibu. Sisi neno jarida tunalijua kwa maana ya chapisho linalotoka kila wiki au kila mwezi. Sisilia jarida lilikuwa orodha ya wakuu wa kaya. Roger wa Kwanza alipompa askofu wa Catania watu wa mji huo, mwaka 1095, alimkabidhi jarida: maelezo ya utangulizi kwa Kigiriki, na majina ya watu kwa Kiarabu. Fulani mwana wa fulani, ndugu ya fulani, mjane wa fulani. Katika orodha za baadaye kila jina la Kiarabu limeandikwa tena juu yake kwa herufi za Kigiriki, ili karani asiyesoma Kiarabu aweze kulitafuta.

Orodha ya namna hiyo ina matatizo yake, na matatizo hayo yanafundisha kuliko sifa. Kwanza ni herufi. Kigiriki hakina herufi ya Kiarabu iitwayo ain, wala hakitofautishi ha na kha za Kiarabu. Kiswahili nacho kimefanya hivyo hivyo: habari ilikuwa na kha na hakimu ilikuwa na ha, leo zote tunaziandika kwa h moja. Kwetu hakuna hasara. Kwenye daftari la kodi, majina mawili tofauti yakifanana yanaleta kesi. Pili, orodha huzeeka. Watu hufa, vijana huoa na kuanzisha kaya mpya, wengine hutoroka. Ndiyo maana mwaka 1145 Roger wa Pili, mwana wa Roger wa Kwanza, aliamuru hati zote ziletwe zifanywe upya, na katika orodha mpya wakaongezwa waliooa baada ya ile ya kwanza kuandikwa. Tatu, orodha za mabwana wawili zinaweza kugombania mtu mmoja. Kwa hiyo hati zina sharti kwamba jina lililomo humu likionekana pia katika orodha ya mfalme au ya kabaila mwingine, mtu huyo atarudishwa kwa mwenyewe.

Soma sharti hilo mara mbili, Mwalimu. Karatasi yenye lugha mbili, inayopigwa picha na kusifiwa kama ushahidi wa mchanganyiko wa tamaduni, ni daftari la watu wasio na ruhusa ya kuhama. Jizya, kodi ambayo chini ya utawala wa Kiislamu ililipwa na Wakristo na Wayahudi, sasa ililipwa na Waislamu wakimlipa mfalme Mkristo. Wayahudi waliendelea kuilipa kama zamani. Chombo kilikuwa kilekile, kimegeuzwa upande.

Sasa twende kwa Roger wa Pili, maana bila yeye mjadala huu usingekuwepo. Alitawazwa kuwa mfalme wa kwanza wa Sisilia tarehe 25 Desemba 1130 mjini Palermo. Hakuwa na baba mfalme wala babu mfalme, na baraka ya ufalme wake ilitoka kwa Anacletus, mmoja wa mapapa wawili waliokuwa wakigombania kiti. Yule mwingine, Innocent wa Pili, alimtambua mwaka 1139 baada tu ya kutekwa naye vitani. Mtu wa namna hiyo anahitaji fahari ya kuazima, na fahari kubwa ya siku hizo ilikuwa Constantinople na Kairo.

Wengi hukosea hapa. Hudhani Kiarabu cha ikulu ya Palermo kilikuwa mabaki ya enzi ya Waislamu, yaliyoachwa kwa ukarimu. Wachunguzi wa nyaraka wameona jambo tofauti: kati ya takribani 1111 na 1130 hati za Kiarabu za watawala karibu zinatoweka, kisha baada ya kutawazwa zinarudi zikiwa na mwandiko mpya, mpangilio mpya na vyeo vipya vinavyofanana na vya ofisi za Makhalifa wa Kifatimi wa Misri. Maana yake, sehemu kubwa ya Kiarabu kile iliagizwa upya kutoka nje. Kiungo muhimu alikuwa waziri wake, George wa Antiokia, Mkristo wa Kigiriki aliyekuwa ameshawatumikia watawala Waislamu wa Mahdia, katika Tunisia ya leo, kabla ya kukimbilia Sisilia. Cheo chake kilikuwa "amiri wa maamiri", na kwa kuwa yeye na waliomfuata waliongoza manowari, neno amiri liliingia lugha za Ulaya kwa maana ya mkuu wa jeshi la majini. Kiswahili kina amiri kutoka Kiarabu moja kwa moja, na admirali aliyerudi kwetu kwa njia ya Ulaya.

Ofisi yenyewe iliitwa diwani. Kwetu diwani ni mjumbe wa halmashauri au mkusanyiko wa mashairi. Kule Palermo diwani ilikuwa idara ya hazina na ardhi. Walatini waliliita duana. Kwa Kiitaliano neno hilo lilikuja kuwa jina la forodha, Wafaransa wakalichukua, na leo msemaji wa Kiswahili wa Bukavu au Goma akisema mzigo wake umekwama duane, anatumia neno hilohilo. Mchoro mmoja wa mwishoni mwa karne ya 12 unaonyesha makarani wa ikulu wameketi kwa makundi: Wagiriki, Waarabu na Walatini, kila kundi na kazi yake. Roger alitia sahihi kwa Kigiriki. Hati za Kiarabu ziliwekwa alama, yaani maneno maalumu badala ya sahihi, na hilo ndilo jina lake hasa. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusi, ameandika kwamba alama ya mfalme William wa Pili, mjukuu wa Roger wa Pili, ilianza kwa maneno "Alhamdu lillahi".

Kuhusu sheria, kanuni ilikuwa wazi. Hati ya askofu wa Catania ya mwaka 1168 inasema Walatini, Wagiriki, Wayahudi na Waislamu wahukumiwe kila mmoja kwa sheria yake. Palermo ilikuwa na kadhi. Haya ni mambo halisi na yalimgusa mtu wa kawaida katika ndoa, mirathi na madeni. Waambie wanafunzi hivyo bila kusitasita.

Kisha kuna vitu vya maonyesho. Hapa nashauri uwape wanafunzi maswali matatu ya kuuliza mbele ya kitu chochote: nani alikilipia, nani aliweza kukisoma, na je, kilifanya kazi gani baada ya siku ile ya kuonyeshwa? Chukua vazi la Roger lililoko Vienna. Ni hariri nyekundu iliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu na lulu, simba wawili wakiwaangusha ngamia wawili, na pindoni maandishi ya Kiarabu kwa mwandiko wa Kikufi. Karakana ya ikulu iliyolitengeneza iliitwa tiraz, na shina la neno hilo liko katika kutarizi kwetu. Watu huliita vazi la kutawazwa kwa Roger. Haiwezekani. Maandishi yake yanataja mwaka 528 wa Hijria, yaani 1133 au 1134, na yeye alitawazwa 1130.

Hesabu ya tarehe wafanye wenyewe darasani, ni zoezi zuri. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622. Jibu linaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi. Mwaka wa Kigiriki wa kuumbwa ulimwengu utoe 5508, isipokuwa miezi ya Septemba hadi Desemba ambayo hutolewa 5509. Wajaribu kwa jiwe la saa ya maji ya Roger, ukutani Palermo: Kilatini kinasema 1142, Kigiriki 6650, Kiarabu 536. Zote zinakutana. Saa moja, kalenda tatu, na kila msomaji aliyepita pale alijiona katajwa. Kazi ya jiwe lile ilikuwa hiyo.

Kuna jiwe la kaburi la mwaka 1149, la mama aitwaye Anna, ambaye mwanawe Grisandus alikuwa padri wa mfalme Roger. Lina maandishi manne: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Katika Kiarabu Roger anasifiwa kuwa mwenye kumtukuza "imamu wa Roma". Imamu huyo ni Papa. Karani alitafuta neno ambalo msomaji wa Kiarabu angelielewa, na akalipata ndani ya msamiati wa Kiislamu. Kwa maoni yangu hakuna mfano mzuri kuliko huu wa jinsi lugha zilivyoingiana mle ikulu. Ukiwa na nafasi ya mfano mmoja tu kwenye somo, tumia huu.

Kanisa la ikulu lenye hati ya mwaka 1140 lina umbo la Kilatini, vigae vidogo vya rangi vya Kigiriki, na dari ya mbao iliyochongwa na kupakwa rangi kwa sanaa ya Kiislamu, pamoja na dua za Kiarabu. Katika kanisa alilojenga George wa Antiokia, picha inaonyesha Kristo akimvika Roger taji, na juu yake imeandikwa "Rogerios Rex": neno la Kilatini lenye maana ya mfalme, kwa herufi za Kigiriki.

Elimu nayo ilipata mfadhili. Al-Idrisi alifanya kazi kwa Roger kwa miaka kadhaa, na kitabu chake cha jiografia kilikamilika mapema mwaka 1154, wiki chache kabla ya mfalme kufa. Wanafunzi wa pwani watafurahi kujua kwamba kitabu hicho, kilichoandikwa Palermo kwa Kiarabu kwa agizo la mfalme Mkristo, kinataja Malindi na Mombasa, na chuma kilichochimbwa huko. Eugenius wa Palermo, ofisa wa diwani kutoka ukoo wa Kigiriki, alitafsiri elimu ya mwanga ya Ptolemy, mtaalamu wa kale, kutoka Kiarabu kwenda Kilatini.

Sasa mwisho wake. Usiuanze mwaka 1189 kama wengi wafanyavyo, maana nyufa zilionekana mapema.

Mwaka 1153, Roger akiwa bado hai, alimchoma moto hadharani Philip wa Mahdia, towashi wa ikulu aliyebatizwa na kuongoza manowari zake, kwa shtaka la kubaki Muislamu kwa siri. Matowashi wengi wa ikulu walikuwa katika hali hiyohiyo: jina la Kikristo mdomoni, swala ya siri chumbani. Walikuwa na mamlaka makubwa, lakini mtu wa namna hiyo hana ukoo wala mji wa kumtetea. Uhai wake ni neno la mfalme.

Machi 1161 makabaila walimkamata mfalme William wa Kwanza, mwana wa Roger wa Pili, ndani ya ikulu yake. Katika siku zile za vurugu matowashi waliuawa, na Waislamu wa Palermo wakauawa madukani na katika diwani walikokuwa wakikusanya ushuru. Angalia nani alilengwa: mtoza kodi wa mfalme. Mashariki, walowezi waliotoka kaskazini mwa Italia waliwashambulia Waislamu wa vijijini, na walionusurika wakakimbilia kusini. Daftari za ardhi zilipotea katika uporaji wa ikulu, na serikali ikalazimika kumtoa gerezani karani Matthew, aliyezijua, aziandike upya. Mwandishi wa Kilatini wa wakati ule aliziita defetarii. Ni daftari hilihili la kwetu.

Ibn Jubayr alifika Desemba 1184, meli yake ikavunjika karibu na Messina. Anasimulia kwamba wenye mashua walidai malipo ya kuwaokoa, na Waislamu maskini wakakosa. William wa Pili, aliyekuwepo pwani, akaamuru watolewe robo 100, yaani zile sarafu ndogo za dhahabu za robo dinari. Anasifu misikiti ya Palermo, masoko na kadhi wake. Lakini palepale anaandika kwamba khutba ya Ijumaa ilikatazwa, ikaruhusiwa siku za Idi tu. Na Trapani alikutana na habari ya mtu wa heshima aliyemtoa binti yake kwa hujaji mmoja, amchukue amwoe au amwoze mtu mwingine, mradi binti aondoke kisiwani na imani yake. Maelezo haya yote yametoka kwa shahidi mmoja, na ni kosa kusoma nusu yake. Wema wa mfalme pale ufukweni ulikuwa wa kweli. Hofu ya baba yule nayo ilikuwa ya kweli.

Wakati huohuo mfalme yuleyule alikuwa akiwaondolea Waislamu ngao yao. Katika miaka ya 1170 alijenga kanisa kuu la Monreale, juu ya Palermo, na kulipa mali ya zaidi ya kilometa za mraba 1,000 magharibi mwa kisiwa, mle ambamo Waislamu walikuwa wengi kuliko mahali pengine popote. Hati ya mwaka 1182 inaeleza mipaka ya mashamba yale kwa Kilatini na Kiarabu, jiwe hadi jiwe, kijito hadi kijito. Ni kazi safi ya diwani, na ndiyo iliyowahamisha maelfu ya watu kutoka kwa mfalme aliyewahitaji kwenda kwa askofu mkuu aliyekuwa bwana wao na pia mhubiri wa dini nyingine.

William alikufa Novemba 1189 bila mtoto. Palermo ikawashukia Waislamu wake, nao wakakimbilia milimani. Mfalme wa baadaye, Frederick wa Pili, alitawazwa mwaka 1198 akiwa na miaka mitatu, kwa hiyo kwa miaka mingi hapakuwa na mwenye nguvu ikulu. Waislamu wakajitawala katika ngome za Jato na Entella, wakiongozwa na Ibn Abbad. Frederick, mwenye kusifiwa kwa kupenda elimu ya Kiarabu, ndiye aliyewapiga vita katika miaka ya 1220 na kuwahamisha kwa nguvu hadi Lucera, bara la Italia. Kule wakawa tena watu wa mfalme: wapiga mishale na mafundi wake, wakisali wazi. Mwaka 1300 Charles wa Pili wa Anjou aliivunja Lucera, akawauza wakazi wake utumwani. Huko ndiko walikokwenda, Mwalimu.

Kuna kilichobaki, nacho wanafunzi wanaweza kukisikia kwa masikio yao. Mji wa Misilmeri karibu na Palermo ni manzil al-amir, manzili ya amiri. Na katika Malta, kisiwa kilichokuwa chini ya ufalme huo, Uislamu ulikwisha katika karne ya 13, lakini lugha ya Kiarabu ya tawi la Sisilia ilibaki midomoni mwa Wakristo, na leo ndiyo Kimalta, inayoandikwa kwa herufi za Kilatini. Waandikie ubaoni sitta, sebgħa, disgħa, na uwaambie kwamba herufi għ haitamkwi tena kama ain ya zamani. Kisha waulize ni namba gani hizo.